Mtani wa Sultani Asiyejua Kutania

Anjelina hajawahi kumchekesha mtu kwa makusudi. Watu wa namna hiyo wamejaa duniani na hakuna anayewauliza, ila yeye alizaliwa katika ukoo ambao kazi yake, tangu enzi za mababu, ni kuwacheka masultani wa Kilwa siku wanapokufa. Ni kama kuzaliwa katika nyumba ya wazamiaji halafu ukaogopa maji ya beseni.

Historia yenyewe kila mtoto wa shule katika Dola ya Kilwa ameikariri mpaka imemchosha. Zamani kisiwa kilikuwa cha wenyeji wa kusini. Akaja mgeni kutoka ng'ambo, akakipenda, akakinunua kwa kitambaa kirefu cha kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Mgeni akawa Sultani wa kwanza, na aliyeuza akavuka kwenda bara na mzigo wake wa vitambaa. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili zikawa watani. Wareno walikuja na mizinga, wakapigwa, wakarudi walikotoka. Wajerumani na Waingereza nao walikuja, wakaambiwa wapange foleni bandarini walipe ushuru kama watu wengine, na wamisionari wao wakaruhusiwa kujenga makanisa kusini ilimradi wasiingilie mambo ya ikulu. Dola ikabaki, kutoka Sofala hadi Malindi, na leo ina setilaiti yake angani na timu ya taifa isiyojua kufunga magoli. Utani nao ukabaki. Ukoo ule ukaingia Ukristo, ukahamia mijini, nusu yao wakaishia Mbagala, lakini hadi leo mtu akiwaona huwatupia, "Nyie si ndio mliouza kisiwa kwa vitambaa!" nao hujibu, "Na nyie mkalipa bila kupima!"

Taratibu zake si ngumu. Sultani akifa, mtani mkuu wa ukoo hulizuia jeneza njiani, popote atakapokutana nalo. Huvaa kama marehemu, hutembea kama marehemu, na husema maneno ambayo mtu mwingine akiyasema analala ndani. Wafiwa wakicheka, mtani huomba kitu, naye hupewa, na njia hufunguliwa. Wasipocheka hapewi nafasi ya kuomba. Anatupiwa kitambaa cha kumhurumia, anakwenda zake, na ukoo mzima unatembea umeinamisha kichwa kwa muda mrefu. Mtani hakasiriki na mfiwa hakasiriki. Masheikh hawaipendi sana shughuli hiyo, lakini imekuwepo kabla ya babu zao, kwa hiyo huangalia pembeni mpaka iishe.

Baba yao alipofariki, cheo cha mtani mkuu kilikwenda kwa Stephano, kaka yake Anjelina, na watu walisema hapo kimefika kwa mwenyewe. Stephano alikuwa mchonga vinyago pale Mwenge na alikuwa na mdomo. Angeingia kwenye msiba wa jirani, akamwiga marehemu anavyokohoa kabla ya kukopa sukari, na mjane akajikuta anacheka huku kamasi zinamtiririka. Anjelina alikuwa akikaa nyuma na akina mama wanaochambua mchele, akijiuliza maneno yale kaka yake huyatoa wapi. Yeye alikuwa mtu wa kushona. Anashona maturubai ya malori pale Kurasini, nje ya yadi za makontena, kwa sindano nene na uzi wa nailoni, na madereva wanamjua kutoka bandarini hadi Sofala kwa sababu turubai likipita mikononi mwake mvua haioni pa kupita. Mumewe alikwishafariki. Wanawe wanaishi Beira. Mtu akimsalimia kwa mzaha, yeye huitikia salamu tu.

Sasa, Sultani Nasiri alikuwa na ugonjwa wa kuzindua. Mradi wa maji wa Mbagala aliuzindua mara tatu. Kila mara alikuja na ngoma, akakata utepe, akafungua bomba, maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele. Kisha boza la maji lililokuwa limefichwa nyuma ya shule likaondoka, na bomba likabaki linapiga mluzi. Stephano akachonga kinyago cha mpingo: Sultani ameinama chini ya bomba, kinywa wazi, anakunywa hewa, na nyuma yake akina mama wamepanga ndoo mpaka ya kwanza imeingia chini ya joho lake. Mwenge nzima ilikuja kukitazama. Kwa utani wa ukoo, hakuna ambaye angethubutu kumgusa. Lakini alikiweka mezani pamoja na vinyago vingine. Akaja bwana mmoja aliyevaa shati la kawaida, akakigeuzageuza, akauliza bei. Stephano, kwa mazoea ya biashara, akataja bei.

Hapo ndipo alipokwisha. Kadhi alisema utani hauuzwi. Angekitoa bure, au angempelekea Sultani mwenyewe akamcheka usoni, huo ungekuwa utani. Alipotaja bei, ikawa kashfa, na kashfa ina sheria yake. Watu wa ukoo walishika vichwa. Mambo yote wanayotaniwa nayo ni kuuza, na huyu, mkubwa wao, amekwenda kuuza tena!

Alipelekwa gerezani kisiwani. Huko hawakumtesa, tuseme kweli. Kila mwaka kabla ya Idi walimleta mbele ya kadhi wakamwambia: sema tu kwamba hukuwa unatania, ulikuwa unatukana, uombe radhi kama mtu mwingine yeyote, urudi kwenu. Kila mwaka alikataa. Anjelina alipokwenda kumwona alimkuta amebaki mifupa, meno ya mbele hayapo, anakohoa, na safari hii hakuwa akimwiga mtu. Alimsihi akubali yaishe.

"Anje, nikisema nilitukana, maana yake mtani naye anaweza kutukana," Stephano alimwambia. "Wakishalipata hilo, kesho kila tukifungua mdomo ni tusi. Nchi nzima hii inamwogopa yule mzee. Sie peke yetu ndio tunamchekaga, na watu wanapata nafasi ya kucheka nyuma yetu. Tukinyamaza sie, nani atacheka? Niache nikae."

"Utafia humu, kaka."

"Basi mje mnicheke."

Anjelina alilia kwenye boti mpaka akafika bara. Alimkasirikia Sultani, akamkasirikia kadhi, lakini aliyemkasirikia kuliko wote alikuwa Stephano, aliyeona raha kuwa shujaa wakati yeye ndiye anayerudi peke yake kwenye nyumba ya baba yao.

Sultani Nasiri alifia Dar es Salaam, alikokuja kutibiwa moyo. Asubuhi hiyo Anjelina alikuwa amepiga magoti juu ya turubai pale Kurasini, honi za meli zote bandarini zikalia kwa pamoja na hazikunyamaza. Winchi zikasimama na makontena yakining'inia hewani. Madereva wakashuka kwenye malori wakavua kofia, na hakuna aliyeuliza kuna nini. Hajamaliza hata kukata uzi, akaona gari limesimama karibu yake, na Mzee Mwinshehe, Liwali wa Mbagala, anashuka na kanzu iliyomganda mgongoni kwa jasho.

"Shikamoo, Liwali."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia. Poleni."

"Tumeshapoa. Anazikwa leo leo, kisiwani. Msafara unapita Barabara ya Kilwa, na baada ya adhuhuri utakuwa Mbagala, pale Rangi Tatu. Mtani mkuu kwenu sasa ni nani?"

Anjelina alilijua jibu na akalichukia. "Ni mie."

Mzee Mwinshehe alimfahamu tangu akiwa msichana wa Komunyo ya kwanza. Alimtazama, akatazama sindano mkononi mwake, akafuta jasho. "Basi Mungu atusaidie," alisema, na hakuwa anatania.

Nyuma ya bodaboda, wakati wakipenya kuelekea Mbagala, Anjelina aliyarudia yale aliyofundishwa na baba. Wafiwa wakicheka, mtani huomba. Watani wote wa zamani waliomba kitambaa, kwa kukumbuka kile cha kwanza, lakini hakuna aliyesema lazima kiwe kitambaa. Yale mengine baba aliyoyasema baada ya hapo hakutaka kuyakumbuka. Akiwachekesha wale watu, ataomba kaka yake. Shida ilikuwa moja tu, ile ya tangu azaliwe.

Alikwenda moja kwa moja kwa Gladness. Huyu ni jirani yake, wazazi wake walishuka kutoka milimani kaskazini, anauza mitumba, na ni mtu anayekuchekesha hata akija kukuomba chumvi. Gladness alifunga genge lake, akapekua marobota, akaibuka na gauni la kuogea la taulo, jeupe, lenye jina la hoteli ya Ulaya kifuani.

"Joho la Sultani hilo," alisema. Akamvalisha, akamfunga mto tumboni kwa kamba ya katani, akasogea nyuma kumtazama. "Haya, tembea kama yeye. Tumbo linatangulia, miguu inafuata."

Anjelina akatembea hadi ukutani na kurudi.

"Dada, huyo ni mtu anayekwenda kuchukua majibu hospitali. Tembea kama mwenye nchi! Sasa toa hotuba. Si unakumbuka, alikuwaga anasinzia katikati, akishtuka anaanza upya, 'Wanangu wapenzi'?"

"Wanangu wapenzi," alisema Anjelina, akafumba macho.

"Hapo umekufa. Usife, sinzia!"

Walijaribu tena na tena. Gladness akionyesha, watu waliopita dirishani walicheka. Anjelina akirudia kile kile, waliuliza kama mama anaumwa. Mwisho Gladness akaketi juu ya robota.

"Nikwambie ukweli, dada Anje? Ukitania wewe, mtu anataka kukupa pole na soda."

"Gladness, nikishindwa leo, kaka anafia kule. Nimemwona kwa macho yangu. Hamalizi mwaka."

Gladness aliacha kucheka. Akainuka, akaifunga upya kamba ya mto, akamweka sawa kola ya lile taulo kama mama anayempeleka mtoto shule. "Basi twende," alisema. "Kichwa juu. Mengine atajua Mungu."

Rangi Tatu si pahali pa kukaa kimya, lakini mchana ule ilikaa. Wauza maji, wauza chaja, wapiga debe, wote walikuwa wamesimama kando ya barabara, mikono nyuma. Pikipiki za askari zikatokea kwanza, kisha gari la maiti, polepole, jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani, kisha gari jeusi la wafiwa vioo vikiwa vimeshushwa. Ndani yake alikaa Sultani mpya, Khalfani, kijana mwenye macho mekundu, na kando yake mama yake, mjane, ameuficha uso ndani ya buibui.

Anjelina alishuka barabarani. Lami ilikuwa ya moto hadi joto likapenya kandambili. "Simameni!" alisema. Ilitoka ndogo, akairudia. "Simameni! Mtani yuko njiani!"

Msafara ukasimama. Hakuna askari aliyesogea. Hata wao wanaijua ada. Anjelina akatanguliza tumbo, akafuatisha miguu. Akaenda mpaka mbele ya gari la maiti, akageuka, akasema, "Wanangu wapenzi, nimekuja kuwazindulia maji," akafumba macho asinzie, akasahau azinduke saa ngapi. Mtu mmoja akacheka kwa adabu, jinsi watu wanavyocheka mtoto akisahau shairi. Akafumbua macho. "Wanangu wapenzi," alianza upya, na hapo kamba ya katani ikamwachia, mto ukadondoka miguuni kwake.

"Mama kajifungua!" alipiga kelele kijana mmoja wa chaja, na Rangi Tatu yote ikaangua kicheko.

Walikuwa wanamcheka yeye, si Sultani, na aliliona hilo. Kwenye gari jeusi hakucheka mtu. Khalfani alikuwa akitazama mbele, amechoka, kama mtu anayengoja mvua ipite. Mzee Mwinshehe alikwisha kukunjua kitambaa, kile cha kuhurumia, na alikuwa akimjia nacho taratibu, uso umejaa huruma ambayo Anjelina hakuitaka hata kidogo. Hasira zilimpanda hadi shingoni. Akakumbuka kwamba mtani hakasiriki. Kwa kuwa hakuwa na pa kuzipeleka, akaligeukia jeneza.

"Wewe mzee," alisema, kwa sauti ile ile anayomwambia nayo dereva kwamba turubai lake limeoza. "Wewe mzee umejikomoa mwenyewe. Kwetu kulikuwa na mtu mmoja anayejua kuchekesha. Mmoja tu. Ukamfunga. Haya, leo umekufa, nani kaja kukucheka? Mie! Mie mshona maturubai! Unanisikia ninavyoboa? Na huendi popote mpaka nimalize. Ungemwacha Stephano nje, saa hizi watu wangekuwa wamelala chini wanashika mbavu, na wewe unapelekwa Kilwa kwa raha zako. Si ulijua kwamba utakufa, mzee? Ulikuwa na mawaziri wote wale, hata mmoja hakukuambia? Unamfungaje mtu wa msiba wako mwenyewe? Sasa umeletewa mie. Na mie ndo hivyo, hata mto umenikimbia."

Aliyeanza alikuwa mjane. Sauti fupi ilitoka ndani ya buibui, kama ya mtu aliyepaliwa, ikafuatiwa na nyingine, kisha akashindwa kujizuia, akawa anacheka na kulia na kumpigapiga mwanawe gotini. "Kweli," alikuwa akisema, "kweli, kajikomoa, nilimwambia mimi, nilimwambia." Khalfani akaweka kiganja usoni, mabega yakamtikisika. Hapo ndipo watu walipocheka kicheko chenyewe, kile cha kumcheka Sultani, kikatambaa kando ya barabara hadi kwa wasiokuwa wamesikia kitu. Gladness alikuwa amekaa chini kabisa. Anjelina peke yake hakucheka, maana hakujua bado kwamba kilichotokea ndicho kile alichokitafuta.

Sultani mpya alishuka garini akifuta macho. "Umetuchekesha," alisema. "Omba."

"Nataka kaka yangu. Stephano, mtani wenu. Mtoeni."

Kicheko kilikatika. Mzee Mwinshehe akasogea haraka, kitambaa bado kikiwa mkononi. "Mwanangu, nisikilize kabla hajakujibu. Mtani hupewa kitambaa kwa sababu kitambaa hakilipi kitu. Ukiomba mtu aliyehukumiwa na ukapewa, hiyo ni fidia. Na nyumba zikishalipana fidia, zimemalizana. Hazina utani tena. Sikuitunga mimi hiyo, na wewe unaijua."

Aliijua. Baba yao aliwafundisha wote wawili, jioni zile zile, mkeka ule ule. Maana yake hakuna mtu wa ukoo wao ambaye atamsimamisha sultani barabarani tena. Maana yake ni jambo lile lile ambalo Stephano alikuwa amelikalia gerezani mwaka baada ya mwaka ili lisitokee.

"Chukua kitambaa, mama!" alipaza sauti mzee mmoja kutoka kwenye umati. "Msituuze!"

"Mwacheni, ni ndugu yake yule!" alijibu mwanamke.

"Ndugu yake mmoja, sie wote je?"

Anjelina aliwasikia. Aliona walikuwa na haki, na hilo lilimuumiza, kwa sababu watu hao amekua nao na wengine amewashonea mapaa ya mabanda yao. Lakini alipofumba macho hakumwona hata mmoja wao. Alimwona Stephano ameketi kwenye benchi la wageni wa wafungwa, anamtabasamia kwa mapengo.

"Nataka kaka yangu," alisema.

"Amepewa," alisema Khalfani. Askari wakaanza kurudi kwenye pikipiki zao, lakini yeye alibaki amesimama, akazungumza kwa sauti ya chini, sauti ya kijana aliyefiwa na baba asubuhi hiyo. "Na mimi siku yangu, atanicheka nani?"

Anjelina alitaka kumwita mtani, kama ilivyo ada, akakumbuka kwamba haimfai tena. "Nisamehe, Sultani," alisema. Akaokota mto wake, akapisha njia.

Stephano alirudi kabla ya arobaini. Walimpokea Rangi Tatu, Anjelina na Gladness na watu wachache, wachache kuliko ambavyo wangekuja zamani. Alikuwa mwepesi, Anjelina alimshika mkono kumshusha akahisi kama ameshika kuni. Walifika nyumbani, chakula kikawa mezani.

"Uliuza," alisema.

"Niliuza."

"Unajua nilikaa kule kwa ajili ya nini?"

"Najua. Ungekufa, watu wangekusifu, nyimbo wangekutungia, na mie ningekuwa sina kaka. Kula."

Hakula mara moja. Aliuliza kama kweli walicheka, akaambiwa walicheka, na mjane ndiye aliyeanza. Akauliza alisema nini. Anjelina akamsimulia maneno yale yote, bila mbwembwe, kama anavyosimulia kila kitu. Stephano aligeukia ukuta, na mabega yakamtikisika kwa muda mrefu. Dada yake hakujua kama anacheka au analia, na hakumuuliza. Baadaye alikula, akaomba aongezewe.

Siku ya kutawazwa kwa Sultani Khalfani walikusanyika sebuleni kwa Gladness, mwenye televisheni kubwa. Majirani walijaa hadi mlangoni. Gladness alitengeneza chai na muhogo wa kuchemsha. Kwenye skrini kijana yule alipanda ngazi za jumba la kisiwani, mawaziri wakamvika kilemba cha marehemu baba yake, kikubwa, kizito, na kikamshuka polepole: kipaji cha uso, nyusi, macho, kikatua juu ya pua. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa Sultani akiwa katika kiapo. Kiapo kilikuwa kwenye karatasi, na karatasi haionekani. "Naapa," alisema kilemba. "Naapa," alisema tena, akigeuza kichwa huku na huko kutafuta upenyo. "Naapa."

Mawaziri wote walikuwa wakitazama sakafu. Sebuleni kwa Gladness nako watu walitazama sakafu. Gladness alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, machozi yanamlenga, na macho yake yalikwenda mlangoni kuona nani amesimama hapo, kwa kuwa kashfa ina sheria yake na siku hizi haijulikani nani atakwenda kusema nini. Kicheko kilikuwa kimejaa chumba kizima, hakina mtu wa kukianzisha. Mmoja baada ya mwingine walimgeukia Stephano.

Stephano alifungua mdomo. Uso wake wote ulikuwa umekwisha kuwaka, kama zamani, na Anjelina aliyaona maneno yalivyomfika ulimini. Kisha Stephano akakumbuka kwamba si mtani tena. Akafunga mdomo, akashika kipande cha muhogo, akakimega taratibu.

"Naapa," alisema kijana yule kwenye televisheni, gizani, peke yake.

Anjelina alimtazama kaka yake akitafuna. Mashavu yalikuwa yameanza kumrudi na kikohozi kilikuwa kimepungua. Alijua sasa alichokiuza, alikuwa amekisikia kwa masikio yake kilivyokosekana chumbani mle. Alijipekua moyoni atafute majuto, hata kidogo, kwa ajili ya wale wote waliokaa pale wakitazama miguu yao. Hakuyapata, na hilo ndilo lililomliza.